Wimbo wa Nane

Melkiori hakuwa mtu wa kuimba. Hata kanisani, kwaya ikisimamisha waumini wote, yeye alichezesha midomo tu na kungoja wakati wa kukaa. Kwa hiyo mchana ule, Asnath aliporudi kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji pale sokoni Mtinko na kumkuta mumewe kajilaza mkekani barazani, macho kafumba, anaimba puani bila maneno, alisimama na mfuko wake wa vitambaa akasikiliza, akatabasamu.

Kisha tabasamu likamtoka. Ule mwendo wa kupanda taratibu, ukakatika, ukaporomoka kama mawe kutoka mlimani, aliujua. Ulikuwa mwendo wa bendi moja tu.

Bendi hiyo iliitwa Radi ya Kiangazi. Vijana wa Dar es Salaam, wapiga roki, magitaa ya kukwaruza na ngoma za kutikisa kifua. Pale Mtinko watu waliuita muziki wa fujo, wakamcheka Asnath, mwanamke mwenye mume na binti aliye bweni, kwa kuuendekeza. Yeye aliwaacha wacheke. Aliipenda tangu alipokuwa Singida mjini akijifunza cherehani, na nyimbo zao zote alizijua, hata zile ambazo redio zilishazisahau. Kwa miaka mingi sasa bendi ilikuwa kimya, maana mwimbaji wao, Sauli, aliishiwa. Hakuna wimbo uliomjia. Kiangazi kilichopita walikuja kupiga picha za video kwenye miamba ya huku, na Asnath alimbembeleza Melkiori, anayeijua miamba ile kwa sababu ya mizinga yake ya nyuki, akawaongoze. Muda mfupi baadaye ikatangazwa kwamba Sauli ameamka. Albamu inakuja, nyimbo nane, jina lake *Kiu*. Asnath akaanza kuingoja kama wakulima wanavyongoja wingu.

Lakini wimbo aliokuwa akiimba Melkiori haukuwa katika zile anazozijua.

"Baba Janeth. Huo wimbo umeutoa wapi?"

Melkiori akafumbua macho. "Wimbo upi?"

"Huo uliokuwa unauimba sasa hivi."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimelala, mama Janeth. Hebu nipe maji."

Alimpa maji, na pamoja na maji akaanza kumchunguza. Simu ya Melkiori ilikuwa ya kitochi, haipigi muziki wowote. Basi kuna mtu alimsikilizisha. Nani? Asnath alipekua mifuko ya koti lake. Alinusa mashati yake kabla ya kuyafua, akitafuta manukato ya kike, akakuta harufu ya nta iliyoungua. Kwa mfugaji nyuki si ajabu. Ila mizinga hakuwa ameigusa tangu mvua zianze.

Wiki hiyo hiyo redio ya jirani yake, muuza vipuri vya baiskeli, ikatangaza wimbo wa kwanza kutoka albamu mpya, haujawahi kusikika popote. Asnath aliondoa mguu kwenye cherehani. Gitaa likapanda taratibu, likakatika, likaporomoka. Ulikuwa ule ule.

Alifunga kibanda, mteja akiwa bado kasimama anapimwa kiuno.

Nyumbani alimkuta Melkiori amelala mahali pale pale. Aliketi karibu na kichwa chake, na safari hii ulikuja wimbo mwingine, wenye maneno. Kiswahili cha Melkiori kilikuwa cha kwao, kimelala ndani ya Kinyaturu, maneno mengine huyaruka na kumalizia kwa mkono. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilitamka kila herufi, safi, kama mtu aliyezaliwa Pwani akasomeshwa huko huko. Iliimba juu ya mtu aliyekunywa kisima kizima akabaki na kiu. Ilikuwa sauti ya Sauli. Haikufanana nayo tu, ilikuwa yenyewe, na kile kikohozi kidogo anachokifanya Sauli kabla ya kibwagizo.

Nywele za Asnath zilisimama. Na bado, wimbo ulipokwisha, jambo la kwanza alilolifikiri, na ambalo baadaye lilimchoma sana, ni kwamba ulikuwa mzuri kuliko zote walizowahi kuimba, na kwamba dunia nzima hakuna aliyeusikia ila yeye.

Hakumwambia mtu. Kila mchana alianza kurudi mapema, akipika haraka, akimhimiza mumewe apumzike chumbani, huku akijiambia kwamba bado anachunguza. Alijaribu kurekodi kwa simu. Aliposikiliza, ilitoa mvumo wa nyuki tu. Akaacha kurekodi, akasikiliza. Wimbo wa tatu. Wa nne. Jua la utosi likiwa limewaka uani na kuku wamejificha chini ya ghala, harufu ya nta ilikuja kwanza, kisha Melkiori akatulia, kisha mdomo ukafunguka.

Kabla ya wimbo wa tano mdomo ule uliuliza, kwa upole wa mtangazaji wa redio, "Umekaa vizuri, mpenzi msikilizaji?"

Asnath alitupa jicho mlangoni. Lakini hakuinuka.

Melkiori naye alikuwa akipungua. Mashavu yaliingia ndani. Alikula ugali bila mboga asijue kwamba mboga haipo. Akaanza kusahau, leo njia ya kwenda lambo analonyweshea ng'ombe tangu utoto, kesho jina la marehemu baba yake. Dada yake, Witness, aliyekaa nyumba ya pili, ndiye aliyelisema.

"Wifi," alinong'ona siku moja wakiwa wanapepeta mtama, "kaka yangu mchana anaongea na nani?"

"Anaota."

"Mtu anaota kwa sauti ya mtu mwingine?" Witness aliweka ungo chini. Macho yake hayakuwa ya kirafiki. "Nimesimama nyuma ya dirisha lenu jana. Nimekuona umekaa pale kama mtu aliyelipa kiingilio. Unamfanya nini kaka yangu?"

"Sijamfanya kitu."

"Ndiyo ninachouliza. Kwa nini hujafanya kitu?"

Asnath alikasirika, akamwita mchonganishi, wakaachana vibaya. Jioni ile ile Janeth alipiga simu kutoka shuleni. Asnath akampa baba yake aongee naye, kama kawaida. Melkiori aliishika simu sikioni, akasikiliza, akamgeukia mkewe kwa adabu.

"Kuna binti anasema shikamoo baba," alisema. "Anaitwa Janeth. Janeth ni nani?"

Asnath aliichukua simu, akamdanganya mtoto kwamba mtandao mbaya. Kisha akaenda kupiga hodi kwa Witness, akalia mlangoni kabla hajafunguliwa.

Witness ndiye aliyemjua Luciana, mjane aliyeuza mizizi na dawa za mifugo mnadani, mwanamke mwenye haraka na ndala zilizoshonwa kwa waya. Alikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akamtazama Melkiori aliyelala, akanusa hewa, akauliza swali moja.

"Huyu alikula nini kwenye miamba?"

Asnath hakujua. Witness alijua, kaka yake alimsimulia akicheka. Siku ile ya video, yule mwimbaji alikaa mbele ya ufa mkubwa wa mwamba, akaupigia kelele kwamba atatoa chochote apate nyimbo tena. Ndani ya ufa nyuki wakavuma. Melkiori akaingiza mkono, akatoa sega moja, akalikata katikati. Nusu akampa mgeni, nusu akala mwenyewe.

Luciana aliguna. "Sega moja, midomo miwili. Jini amekaa kotekote. Kule anaimba, huku anashiba. Mumeo ndiye chakula." Akawasha mizizi yake kwenye kigae. "Nyimbo ziko ngapi?"

"Nane," Asnath alisema. "Nimesikia saba."

"Wa nane akiumaliza, huyu atasahau kuvuta pumzi. Mimi nitamfukiza, lakini mdomo sitaufunga mimi. Atafunga yule anayeimbiwa."

Moshi ulikuwa haujajaa chumba Melkiori alipoketi wima kwa mkupuo mmoja, macho yakiwa yamefumba, akamgeuzia Asnath uso kana kwamba anamwona.

"Mpenzi msikilizaji," sauti ilisema. "Mbona leo umekuja na watu? Umebaki wimbo mmoja tu. Zile saba zilikuwa za kupasha koo. Huu niliutunga kwa ajili yako. Nisikilize, kisha nitaondoka, sitarudi."

"Anadanganya," Luciana alisema kwa sauti ya chini.

"Na ukinifunga hapa, mama, umenifunga na kule. Sauli wako yuko studio sasa hivi, amesimama mbele ya kinasa sauti, anangoja nimletee. Unataka kumziba yeye?"

"Anadanganya pia?" Asnath aliuliza.

Luciana aliongeza mizizi kwenye kigae.

Wimbo ukaanza. Ulianza chini sana, chini kuliko koo la mtu linavyoweza kushuka, na Asnath akasikia ndani yake kila kitu alichowahi kukipenda katika nyimbo zile, chumba cha kupanga cha Singida mjini na mvua juu ya bati na yeye akiwa msichana asiye na mtu wa kumuuliza anakwenda wapi, na wimbo ukapanda, na kadiri ulivyopanda ndivyo kifua cha Melkiori kilivyozidi kukawia kati ya pumzi na pumzi, na Witness akapiga magoti akimwita kaka yake kwa Kinyaturu, jina lake la utotoni, mara nyingi, bila kuitikiwa, na Asnath, ambaye mkono wake ulikuwa umeshainuka, aliuacha mkono ule hewani kwa muda ambao hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu kibwagizo kilikuwa kinakaribia na alitaka kukisikia, alitaka mara moja tu, mpaka alipoona midomo ya mumewe imegeuka rangi ya majivu.

Akampiga kiganja mdomoni, akamkandamiza ukutani.

Meno yaliingia nyamani. Chini ya kiganja kitu kilivuma, kikatambaa, kikagongagonga vidole vyake kikitafuta upenyo, na yeye akazidi kukandamiza, analia, anasema, "Basi, baba Janeth, basi. Basi." Mvumo ukawa mwembamba kama uzi. Ukakatika.

Melkiori akafumbua macho, akakohoa, akatema kipande cha nta nyeusi. Akamtazama dada yake, akamtazama Luciana na kigae chake.

"Mama Janeth," alisema kwa Kiswahili chake cha Mtinko. "Janeth alipiga simu lini mara ya mwisho? Sijaongea naye siku nyingi."

Alipona. Kwenye mavuno ya alizeti alikuwa amesharudisha mwili, na mboga ikikosa chumvi alilalamika. Witness na Asnath walisalimiana tena, kwanza kwa kulazimika, kisha kwa kweli. Asnath alijipa moyo kwamba jini alidanganya, kama alivyosema Luciana.

Siku ya albamu ilipofika, *Kiu* ilitoka na nyimbo saba. Tangazo la bendi lilikuwa fupi. Sauli alipoteza sauti akiwa studio, Jumamosi moja mchana, katikati ya wimbo wa nane. Madaktari hawajaona kitu. Hawezi hata kunong'ona. Mashabiki wamwombee.

Asnath aliisoma akiwa kibandani, simu ikiwa juu ya kitambaa cha mteja. Kundi la mtandaoni la mashabiki wa bendi lilijaa vilio na maswali, mamia ya watu kutoka kila mkoa. Kisha mpiga gitaa akatuma sauti. Alisema huu ndio wimbo wa nane jinsi ulivyobaki, wameusikiliza mara nyingi na kuna kitu mwishoni hawakielewi, maana siku hiyo Sauli alikuwa peke yake chumbani.

Aliweka simu sikioni. Sauti ikaanza chini, ikapanda. Kabla ya kibwagizo ukasikika mlio wa kiganja kikipiga nyama, na mtu anayehangaika kupumua. Kisha, karibu kabisa na kinasa sauti, mwanamke analia.

"Basi, baba Janeth, basi. Basi."

Ujumbe ukaanza kumiminika. *Nani huyo? Huyo mwanamke ni nani? Baba Janeth ni nani?* Asnath alitaka kujitoa kwenye kundi, lakini akaendelea kusoma. Maswali yaliendelea kupanda, yakapungua, yakakoma yote kwa pamoja, kama chumba cha watu kinavyonyamaza mtu anapoingia.

Kisha shabiki mmoja wa Mwanza, ambaye hawajawahi kuonana, akaandika jina ambalo Asnath alijiandikishia kwenye kundi lile.

*Mama Janeth wa Mtinko. Upo?*