Kifua cha Bibi wa Bondeni

Kifaa cha kupimia mapigo ya moyo kilikuwa kimetundikwa msumarini zahanatini tangu jana, lakini asubuhi hiyo mwanafunzi wa udaktari alikikuta na joto, kama kimetoka kifuani mwa mtu. Kilinuka mafuta ya kuchua. Aliijua harufu ile, akatamani asingeijua.

Chuo kilikuwa kimewaleta kijijini kujifunza kwa kutibu, kila mwanafunzi akakabidhiwa nyumba moja ya kuitembelea. Yeye alipewa ya bibi wa bondeni, aliyeishi na mkwewe mjamzito. Wiki iliyopita mvua ilinyesha, viatu vyake vilikuwa vipya, na tope la bondeni halina adabu. Akaishia mlangoni, palipotoka harufu ya mafuta ya kuchua. Alimsikia bibi akikohoa ndani, kikohozi kirefu kilichomalizikia kwa mluzi, akamtakia afya njema na kugeuza. Jioni alimwambia daktari mlezi, bila kupepesa macho, "Kifua chake safi."

Wiki haikuisha, bibi akazikwa.

Sasa mkwe alikuwa amekaa kitandani zahanatini, akifungua vifungo vya gauni.

"Mama alikusubiri siku ile," alisema taratibu. "Alifungua vifungo mapema, eti mwanangu wa chuo asihangaike."

Mwanafunzi alivaa kifaa masikioni. Alimwekea kifuani, na badala ya moyo akasikia kitanda cha kamba kikilia, kisha pumzi ya mtu anayejivuta akae, kisha vifungo vikifunguliwa kimoja baada ya kingine, kisha kikohozi kile kile, kirefu, kikimjia karibu zaidi na zaidi mpaka mluzi ukamvumia ndani kabisa ya sikio.

Alikirusha sakafuni. Daktari mlezi, aliyekuwa akiandika mezani, akakiokota, akampima mkwe.

"Mama huyu mzima, hana neno. Wewe ndiye usiye mzima. Una nini?"

"Sikumsikiliza, Daktari," alinong'ona. "Yule bibi. Sikuingia hata ndani. Nilikudanganya."

Daktari akamkalisha, akamwekea kifaa kifuani, akainamisha kichwa.

"Basi acha kukohoa, nisikie."

"Sijakohoa, Daktari."

Chumba kizima kilinuka mafuta ya kuchua. Mkwe aliyekuwa akifunga vifungo vyake aliacha mikono hewani, macho yakiwa kwenye kifua cha kijana.

"Mama?" aliita.