Afadhali Ingekuwa Mwanamke

"Prajakta ni nani?"

Hrishikesh aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza ya mgahawa, chai ikamwagikia kisahani.

"Mtu wa maktaba."

"Mtu wa maktaba ndiye anayekuandikia, 'Leo usichelewe. Mrunal hatajua, kama ulivyoomba'? Mimi ndiye Mrunal. Kitu gani nisijue?"

"Umeanza kunipekua?"

"Simu imelia mbele ya pua yangu, Hrishi."

"Nakutafutia zawadi. Haya, umeshaiharibu."

Akacheka, kicheko kikavu kama koo la mgonjwa. Mrunal akacheka naye, lakini moyoni kitu kikamchoma.

Walipendana tangu shahada ya uzamili. Sasa wote wawili walikuwa wakisomea udaktari wa historia hapo Kolhapur, India, na Jumapili wazazi wa Hrishi walikuwa waje kuposa.

Nyumbani, mama yake alikuwa akichambua majani ya uwatu.

"Binti wa jirani kapita NET, mtihani mmoja tu, leo anafundisha chuo. Wewe na udaktari wako miaka yote hii, umepata nini? Mvi."

"Mama, ule ni mtihani wa kuchagua jibu. Hata kasuku anapita."

"Hayo maneno ni yako au ya Hrishi?"

Mrunal akachukua fungu la majani, akaanza kuchambua. Yalikuwa ya Hrishi. Kila usajili ulipofunguliwa alimwambia vilevile: "Msomi haulizwi A au B. Msomi anaandika utafiti wake. Ukienda kule unajidharau." Naye kwa kumpenda aliuacha usajili ukafungwa, mara baada ya mara. Safari hii pia.

Kesho yake alasiri, Hrishi alipoaga kwamba anakwenda maktaba, Mrunal akarukia bajaji.

"Ifuate ile pikipiki nyekundu."

"Mumeo?" dereva akauliza.

"Bado."

"Basi una bahati, dada."

Pikipiki ilipita maktaba bila hata kupunguza mwendo. Ikasimama mtaa wa Rajarampuri, chini ya jengo lenye duka la sari. Hrishi akapanda ngazi mbilimbili kama mtu anayesubiriwa. Mrunal akapanda nyuma yake. Huko juu akasikia sauti ya mwanamke:

"Hrishikesh, umechelewa tena!"

Akausukuma mlango.

Chumba kilijaa madawati, na kwenye madawati vijana waliomaliza chuo juzi. Mbele alisimama mama wa makamo mwenye nywele za kijivu, kalamu ya ubao mkononi. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: PITA NET SAFARI HII. Hrishi alikuwa dawati la nyuma, ameganda.

"Karibu, mwanangu," yule mama akasema. "Mimi ndiye Prajakta. Umejisajili kwa mtihani?"

"Hapana, mwalimu. Kuna mtu alinikataza."

Akageuka akashuka. Hrishi akamkimbilia kwenye ngazi.

"Mrunal, subiri!"

"Tangu lini?"

"Nimefeli mara nne."

"Kasuku wanapita, wewe hupiti?"

"Nicheke tu."

"Sicheki. Mimi ulinikataza kwa nini?"

Hrishi akatazama viatu vyake.

"Kwa sababu wewe ungepita. Mara ya kwanza tu ungepita. Ningekuoaje, wewe mwalimu wa chuo, mimi sina mbele wala nyuma?"

"Nimepanda ngazi hizi nikiomba nisikukute na mwanamke. Afadhali ingekuwa mwanamke, Hrishi! Ningelia nikamaliza. Hii miaka uliyonipotezea nitamdai nani?"

"Nisamehe."

"Jumapili useme ukweli mbele ya wazee wote. Kwa mdomo wako. Hapo ndipo nitajua naolewa na nani."

"Nitasema. Naapa."

Jumapili ikafika. Poha ya mchele wa kupondwa ikaandaliwa, wazee wakakaa. Mama yake Hrishi akajisifu hadi jasho likamtoka:

"Mwanangu ana msimamo! Huo mtihani wa kasuku hataki hata kuusikia. Yeye ni msomi wa kweli."

Mrunal akamkazia macho Hrishi. Hrishi akakoroga chai. Akakoroga tena.

"Hrishi, huna la kusema?" Mrunal akauliza.

"Chai nzuri sana," akajibu.

Mrunal akasimama, akaunganisha viganja.

"Wazee wangu, mnisamehe. Siolewi."

"Kwa nini?" baba yake akang'aka. "Unatuaibisha mbele za watu?"

"Muulizeni yeye."

Hrishi alikuwa ameshafika mlangoni. Wageni wakaondoka, na kwa miezi baba hakumsemesha binti yake ila kwa lazima. Mrunal hakuitoboa siri ya Hrishi. Usajili ulipofunguliwa tena alijisajili, akasoma, akafanya mtihani, huku utafiti wake akiusogeza mdogo mdogo.

Siku matokeo yalipotoka, simu ikaita.

"Umepita?" Ilikuwa sauti ya Hrishi.

"Nimepita."

"Nilijua. Mimi nimefeli tena."

Mrunal akahamishia simu sikio la pili.

"Nimewaambia nyumbani. Yote. Kufeli kwangu, na kwamba wewe nilikukataza. Mama amelia, baba hataki kuniona."

"Unaniambia ili iweje? Nikuonee huruma?"

"Hapana. Baba yako anaamini binti yake ana kiburi. Nataka ajue mwenye kosa ni nani."

"Nitajuaje kama huu si uongo mwingine?"

"Chungulia nje."

Alikuwa amesimama chini, mbele ya lango, nywele timutimu, mlinzi akimtazama kwa wasiwasi. Moyo wa Mrunal ukaenda mbio, ingawa bado haukumwamini.

"Panda. Atakayekufungulia ni baba. Anza na yeye."

Mlango ukafunguliwa. Hrishi akainama, akagusa miguu ya mzee kwa heshima.

"Baba, siku ile mwongo nilikuwa mimi."

Mzee akamgeukia binti yake, macho yamelowa.

"Keti," akamwambia Hrishi. "Anza mwanzo, usiruke kitu."

Mrunal akavuta kiti, akakaa kando ya baba yake.