Mvua Iliyonyesha Kwenye Kompyuta

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijalia, Oliva wa darasa la sita alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda kwenye kipimamvua nyuma ya bustani ya shule na kusoma maji yaliyokusanyika. Ya pili ilikuwa kuingiza kipimo hicho kwenye kompyuta, ile moja tu ambayo shule yao ya Gitting iliipata mwaka ule. Kazi ya pili aliipenda kuliko chakula. Ya kwanza, wacha tu! Asubuhi za Gitting zina baridi ya kung'ata, na majani ya bustanini yalimlowesha hadi magotini.

Basi Oliva akaanza kuitegea kazi ile ya kwanza. Alichungulia mawingu dirishani, akakisia, akabonyeza tarakimu. Manyunyu kidogo aliyageuza mvua kubwa. Kompyuta haikumuuliza swali. Ilipokea, ikajumlisha, ikachora mstari unaopanda vizuri, naye akafurahi kupata rafiki asiye na maneno mengi.

Siku ya kikao cha wazazi ikafika. Mwaka uliopita walipanda maharage kwa pupa baada ya manyunyu ya kwanza, mbegu ikaota na kukauka. Safari hii walitaka kujua kama mvua imetosha. Darasani, Oliva akiwa kando ya kompyuta, Mwalimu Konsolata akawaonyesha mstari ule kwenye skrini.

"Mbona kwangu bado ni vumbi?" aliuliza Mzee Margwe.

"Mvua ina njia zake, mzee," jirani mmoja akamjibu. "Kompyuta imeshasema."

Ndipo mama yake Oliva, Bernadina, akasimama. "Mimi mbegu yangu ni debe moja la maharage. Watoto wamekula ugali kwa mboga za majani miezi yote hii, debe liko uvunguni, nikawakataza kuligusa. Kama kompyuta imesema, kesho napanda."

Oliva alilijua debe lile. Alilitamani kila jioni. Likiingia kwenye ardhi kavu, hakuna jingine.

"Mama, usipande!" alisema. Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, namba zile si za kweli. Sikuwa nikienda kwenye kipimamvua. Nilikisia."

Mzee Margwe akacheka. "Kumbe kompyuta nayo ni mwongo!"

"Hapana, mzee," alisema Mwalimu Konsolata. "Ukipeleka mahindi yenye mchanga mashineni, utarudi na unga wenye mchanga. Utailaumu mashine? Kompyuta nayo ni hivyo. Tunaingiza taarifa kwa kibodi, inazichakata kwa maelekezo iliyopewa, inatuonyesha matokeo kwenye skrini. Haitoki nje kutazama mvua. Lakini na mimi nimekosa, sikwenda kuhakiki."

Mama Oliva hakungoja zaidi. Alikwenda moja kwa moja shambani, Oliva nyuma yake, akachimba kwa jembe. Juu palikuwa na unyevu kidogo, chini vumbi tupu. Wakarudi nyumbani, mama akitangulia kwa hasira, na hasira ile ilimuuma Oliva kuliko fimbo.

Mwalimu alimwondoa kwenye kibodi, akampa kazi hiyo Gidion, mwanafunzi mwenzake. Oliva akabaki na kipimamvua peke yake. Alikwenda kila asubuhi, akalowa, akasoma, akamwita mwalimu ahakikishe. Mara nyingi chombo kilikuwa kikavu, naye akasema kikavu. Halafu mvua yenyewe ikaja, ile ya kuangusha migomba, ikarudi tena na tena. Mstari ukapanda, safari hii kwa haki, na wazazi wakapanda maharage.

Yalipoota, Mwalimu Konsolata alimrudishia Oliva kibodi. Jioni hiyo yeye na mama yake walikuwa wakipalilia.

"Mama, bado umenikasirikia?"

Mama Oliva aliegemea jembe lake, akatazama mistari ya kijani.

"Siku ile uliniaibisha mbele za watu, mwanangu. Na siku hiyo hiyo ukaniokolea mbegu. Aibu imepita, maharage haya tutayakula. Fanya kazi yako kwa ukweli, hata kama hakuna anayekuona. Na ukikosea, sema mapema, kabla mbegu haijaingia ardhini."