Mnada wa Aldercombe

"Ni lifti inayonuka au ni wewe?"

Swali hilo lilitoka kwa mwanamke aliyevaa sare ya buluu, ndani ya lifti ya stesheni ya treni ya St Marys, ughaibuni, Jumamosi adhuhuri, watu wamebanana na vigari vya watoto na mifuko ya sokoni. Aliyeulizwa alikuwa mwanamume mrefu mwenye fulana ya chungwa ya kiwandani, amekumbatia mfuko wa plastiki kama anayebeba mtoto mgonjwa.

"Ni samaki," akasema. "Pardon, dada. Mfuko umetoboka."

"Dada yako yuko kwenu. Angalia viatu vyangu."

Maji ya samaki, ya kijivu na yenye magamba, yalikuwa yameloanisha viatu vyake vyeupe mpaka kwenye soksi. Mwenye viatu, Gakii, alihisi chai ya asubuhi ikipanda kooni. Miaka sita alikuwa akiosha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa ameona kila kitu kinachoweza kutoka katika mwili wa binadamu na hajawahi kutapika. Sasa samaki wa mtu asiyemjua walitaka kumuumbua mbele ya umati.

Mlango ulipofunguka, yule mwanamume alimfuata mpaka kwenye benchi, akapiga magoti na kuanza kumfuta viatu kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Unafanya nini? Watu wanaona."

"Waone. Nimechafua, nasafisha."

"Sasa kitambaa chako kitanuka."

"Kitanikumbusha weye."

Gakii alitaka kukasirika zaidi, lakini alicheka, na kicheko kikimponyoka hakirudi.

Aliitwa Moïse. Alizaliwa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, akakulia kambini Uganda, na siku hizi aliendesha mashine ya kuinua mizigo kwenye bohari moja huko Wetherill Park. Gakii alikuwa Mmeru wa miaka thelathini na tatu mwenye macho makubwa na ulimi unaokata. Wiki mbili baadaye walikuwa wakipigiana simu kila mapumziko ya kazi.

"Umeoga leo, au bado unanuka samaki?"

"Nimeoga mara mbili, chérie. Moja yangu, moja yako."

"Nani chérie?"

"Weye. Kuna mwingine kwenye laini?"

"Wacha mchezo. Umekula?"

"Nimekula sauti yako. Bado niko na njaa."

Miezi minne ilipita hivyo. Jumapili moja, wameketi kwenye kochi la Gakii, Moïse alimshika mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na kidole chake kikagusa kitu kigumu chini ya ngozi, chembamba kama njiti ya kibiriti.

"Ni kijiti," Gakii akasema. "Najua unachofikiria. Sikukiweka kwa kuzuia mimba. Damu yangu ya mwezi imenilaza hospitali mara tatu. Daktari amesema nikae nacho miaka miwili, kisha tutaangalia habari ya watoto. Nimekwambia wewe peke yako. Hata mama hajui."

"Imeingia kwangu," Moïse akasema, "haitatoka."

Mwezi wa tisa, baridi ilipoanza kulegea, alimpigia simu akiwa na furaha ya mtoto aliyeahidiwa safari.

"Kanisa letu liko nakwenda Aldercombe Jumamosi. Twende."

"Kuna nini huko?"

"Soko la zamani sana, maziwa mawili, milima kila upande. Nilipoona picha nilifikiri ni kwetu Kalehe, ila mtu amepafagia. Kuna jambo nataka kukuuliza tukiwa kule."

"Niulize sasa."

"Hapana. Panahitaji milima."

Gakii alielewa. Alinunua gauni la kijani lenye mikono mifupi, akasukwa upya, akavaa hereni za shanga alizotumiwa na dada yake kutoka Maua, kwao Meru.

Ndani ya basi dogo la kanisa walikuwa watu tisa. Watatu walikuwa kina mama waliovaa vitenge vya sare, na mkubwa wao, Mama Nsimire, alijisogeza akakaa ubavuni mwa Gakii hata kabla hawajatoka Mount Druitt. Ndiye aliyemlea Moïse kambini tangu akiwa na miaka minne, wazazi wake walipokwisha kufa. Alinuka mafuta ya nazi na vitunguu.

"Weye uko na myaka ngapi?"

"Thelathini na tatu, mama."

"Eeh. Na haujazaa?"

"Bado."

"Juu ya nini?"

Gakii alitabasamu, akageukia dirisha. Alijiambia kwamba wazee ni wazee, wa Meru na wa Kivu, wote huuliza. Saa tatu za safari zilipita kwa maswali ya namna hiyo: kama baba yake alikunywa pombe, kama kwao kuna kifafa, kama anajua kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Aldercombe ulikuwa mji mzuri kiasi cha kukera. Maziwa yalimeta, milima ilikuwa na theluji nyembamba kileleni, na katikati, mahali lilipokuwa soko la ng'ombe kwa zaidi ya miaka mia, maduka yaliuza sabuni zenye umbo la kondoo. Mabirika ya kunyweshea mifugo yalikuwa yamepandwa maua. Duara la vyuma la mnada lilikuwa limeachwa palepale, limepakwa rangi nyeusi, na kibao chenye picha kilionyesha jinsi wanunuzi walivyokuwa wakipanua midomo ya fahali kuhesabu meno na kuwaminya mbavu. Watalii walisimama ndani ya duara hilo wakilamba aiskrimu na kupigana picha.

"Pazuri, siyo?" Moïse akauliza.

"Panatia kinyaa," Gakii akasema. "Wanalamba sukari mahali ng'ombe walipokuwa wakijinyea kwa woga."

Moïse alicheka, akamwacha hapo ili akanunue kahawa. Kina mama wale watatu walikuja mara moja, kana kwamba walikuwa wakingoja aondoke, wakasimama kumzunguka akiwa ameegemea vyuma vya mnada.

"Geuka kidogo, mwanangu," akasema Mama Nsimire, na mikono yake ilikuwa tayari kwenye nyonga za Gakii, ikipima. "Hapa iko sawa." Mikono ikapanda kiunoni, ikapita mbavuni, ikashuka kwenye mkono wa kushoto usiofunikwa. Ikasimama. Vidole viwili, vilivyokuwa bado na grisi ya kuku wa kukaanga waliyemla njiani, viliminya ngozi na kukisogeza kile kijiti huku na huku, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye nyama.

Akawaambia wenzake neno kwa Kishi, lugha yao ya Kivu. Kisha, kwa Kiswahili, ili aliyehusika asikie: "Bibi huyu iko na kijiti."

"Ati?" Gakii akauvuta mkono wake.

"Basi tumesafiri bure," akasema Mama Dévote, mwembamba wao, na akaanza kufunga vizuri kitenge chake kama mtu anayeondoka dukani.

Hapo ndipo Gakii alipoelewa safari yote. Moïse alikuwa amerudi, vikombe viwili mkononi.

"Hawa mama zako wamekuja kufanya nini hapa?"

"Chérie, ni desturi. Mwanaume haulizi peke yake. Wazazi wanamwangalia binti kwanza."

"Ulijua?"

"Nilijua wataangalia. Sikujua watashika."

"Mwambie kijiti ni cha nini. Wewe unajua. Mwambie sasa hivi, nimekuruhusu."

Mama watatu walimtazama Moïse. Watalii wawili wenye aiskrimu walimtazama pia, bila kuelewa lugha, ila walielewa kila kitu. Moïse alifungua mdomo. Akamwangalia Mama Nsimire, akaangalia ziwa, akaangalia vikombe vyake vya kahawa.

"Tutaongea nyumbani," akasema.

Gakii alishuka hadi ziwani, akachutama kwenye mawe na kuusugua mkono kwa maji yenye baridi ya theluji mpaka ngozi ikawa nyekundu. Grisi ilitoka. Vidole havikutoka, bado alivihisi vikikisogeza kile kijiti. Alitapika hapo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kuosha wazee, kisha akapanda basi la abiria la saa nane kurudi nyumbani peke yake.

Moïse alipiga simu siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja alipokelewa.

"Nilikuahidi sitamwambia mtu," akasema. "Nilikuwa nalinda siri yako."

"Nilikuruhusu uifungue siri hiyo, palepale mbele yao."

"Njo maana niliogopa. Nikisema ni ugonjwa, wangesema mgonjwa hazai, nikuache kabisa. Kijiti kinatolewa. Ugonjwa watausema mpaka Goma."

"Kwa hiyo ukaona heri waniite malaya."

"Hakuna aliyesema neno hilo."

"Moïse, nimeshika mavi ya watu miaka sita na sijawahi kujihisi mchafu. Siku ile nilijihisi mchafu. Na aliyenifanya nijihisi hivyo si yule mama. Yeye ana mikono tu. Ni wewe, ulisimama na kahawa."

"Nifanye nini?"

Gakii alikuwa amelifikiria jibu hilo muda mrefu, na halikuwa jibu la mtu mpole. "Jumapili saa tisa, kwa Njeri, hapa Mount Druitt. Na mimi nina ndugu zangu. Wanataka kukuangalia."

Njeri alikuwa muuguzi, rafiki wa Gakii tangu walipokuwa wakishiriki chumba kimoja. Alimwalika mwenzake Kagendo, muuguzi wa upasuaji, mwanamke mnene asiyeogopa kitu. Moïse alifika amevaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, akakuta kochi limesogezwa ukutani na katikati ya zulia pameachwa wazi. Gakii aliketi kwenye kiti cha dirishani, mikono kifuani.

"Karibu, shemeji mtarajiwa," Njeri akasema, akivuta glavu mkononi. "Simama hapo. Vua shati."

"Hapa?"

"Kwani ulitaka wapi, Aldercombe?"

Alivua. Kagendo alimzunguka polepole. "Upara unaanza hapa nyuma. Gakii, ulijua?"

"Fungua mdomo," akasema Njeri, akimmulika kwa tochi ya simu. "Gego moja halipo. Jingine linaoza. Kwenu kuna kisukari?"

"Sijui. Walikufa mapema."

"Hajui. Andika hapo, hajui. Mbegu zako umewahi kupimwa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo tunanunua bila kujua kama zinafanya kazi."

Gakii alicheka mara ya kwanza, na mara ya pili. Kagendo alimminya misuli ya mkono, akamminya tumbo, akamwinua mkono na kumnusa kwapa. "Huyu ananuka woga," akasema, na Njeri akacheka mpaka akashika meza. Jasho lilimtiririka Moïse mgongoni. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu-nyeusi. Hakusogeza mguu. Alimgeukia Gakii tu, akamtazama.

Gakii alitazama dirishani. Nje, jirani alikuwa akiosha gari. Alilitazama lile gari kwa bidii, na katikati ya kulitazama akatambua anachokifanya, na kichefuchefu kile cha ziwani kikamrudia, safari hii kwa ajili yake mwenyewe.

"Kagendo, mwache."

"Hatujafika miguuni."

"Nimesema mwache. Ni mtu wangu huyo."

Kagendo aliushusha mkono wa Moïse.

"Umesikia nilivyosema?" Gakii akamwuliza Moïse. "Hayakuwa maneno magumu."

"Nimesikia." Moïse akajifuta jasho usoni. "Wakati wanacheka, nilikuwa nangoja useme. Nangoja, nangoja. Sikujua inauma vile."

Alichukua shati lakini hakulivaa. Alitoa simu mfukoni, akapiga namba, akaiweka mezani na kufungua spika. Ilipokelewa kwa mlio wa vyombo na watoto.

"Moïse wangu. Umekula?"

"Mama Nsimire, niko kwa Gakii. Sikiliza mpaka mwisho. Kile kijiti ni dawa. Gakii anaumwa na damu, na mimi nilijua tangu zamani. Siku ile mlimshika mwili wake bila kumwomba, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuogopa. Nakuomba umwombe pardon."

"Anaumwa. Na watoto je?"

"Hilo ni letu."

"Nimekubeba mgongoni kutoka mpakani, leo unaniambia letu?"

"Ulinibeba, mama. Sitasahau. Lakini hautamshika tena vile, na mtu yeyote hatamshika vile mimi nikiwepo."

Simu ilikatwa. Moïse aliendelea kuitazama, kifua wazi, kama mtu aliyesukumwa nje ya nyumba akiwa hajamaliza kuvaa.

"Atapiga tena?" Njeri akauliza kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha mchana kutwa.

"Sijui. Hajawahi kunikatia."

Alikaa chini kwenye zulia. Gakii alitoka kwenye kiti chake, akaja kuketi mbele yake, gauni likajikunja chini yake na asijali.

"Lile jambo ulilotaka kuniuliza kule," akasema. "Uliza."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa."

Moïse aliwatazama wale wauguzi wawili, mmoja akiwa bado na glavu, akavuta pumzi na kuuliza, kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji.

"Ndiyo," Gakii akasema. "Vaa shati, twende kwa Mama Nsimire kabla hajalala na hasira. Nitabisha mlango mimi. Nikishabisha, wewe ndiye utakayeongea."