Hodi Chini ya Salon ya Murara

Wewe unayesoma hii, tena umekaa vizuri kwenye nyumba yako ya Goma: umekwisha kujiuliza hata siku moja ni nani analala chini ya simenti yako? Hapana. Uliuliza kama maji inafika. Uliuliza kama courant inawaka. Ukahesabu mabati, ukafurahi, ukaita ndugu kuja kunywa. Basi sikiliza yaliyomupata Bénédicte, mutoto wa baba yangu mukubwa, kisha kesho uniambie kama ulipata usingizi.

Bénédicte na mume wake Ézéchiel walikuwa wanapanga kule Katoyi, pamoja na mama ya Ézéchiel, Mama Munezero. Huyu muzee alishuka kutoka vilima vya Masisi na miguu yake mwenyewe, vita nyuma, mzigo kichwani. Kutembea ndiyo ilikuwa maisha yake. Lakini siku moja moto, ile pikipiki ya kubeba watu, ilimuangusha kwenye mawe, na toka siku ile akaapa hatapanda tena: moto, jamais. Sasa Katoyi bila moto unaenda wapi? Marafiki zake wa Masisi, soko aliyoizoea, misa yake ya asubuhi, vyote vilikuwa upande ule mwingine wa mji. Muzee akabaki kwenye kiti, anaangalia ukuta. Akaanza kusahau majina. Asubuhi moja akamuuliza Ézéchiel, mutoto wake wa tumbo, "Papa, wewe ni wa nani?"

Docteur hakuzunguka. "Mumutembeze. Faites-la marcher, ao mutamupoteza."

Ndipo wakatafuta nyumba ya kununua katikati ya mji. Commissionnaire wao, dalali wa nyumba, aliitwa Jephté, kijana mwenye viatu vya ncha kali na ulimi wa mafuta. Hapa kwetu wenye diplôme tunatembeza CV mpaka karatasi inapauka, lakini mutu kama Jephté anauzisha quartier nzima na simu yenye kioo kilichopasuka. Bref. Akawapeleka Murara.

"Hapa ni tout à pied, maman, yote kwa miguu!" akamuambia Bénédicte. "Soko à pied. Misa à pied. Masomo à pied. Hata makaburi, ukiwa na haraka, à pied!"

"Makaburi ubaki nayo wewe," Bénédicte akamujibu, na wakacheka.

Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya lava ya volcano ya 2002, kama nusu ya mji huu. Nani angeshituka? Lava ndiyo fondation, lava ndiyo ukuta, lava ndiyo lupango ya kuzunguka kiwanja. Siku ya kuzunguka mipaka, majirani walikuja kushuhudia kama desturi inavyotaka, wakapewa bière yao. Papa Ntirenganya, muzee wa avenue ile, alisimama mbele ya mulango na chupa mukononi. Akafungua kinywa kama mutu mwenye neno. Chef wa avenue akamutazama. Papa Ntirenganya akafunga kinywa. Akaomba chupa ingine.

Na kweli, Mama Munezero alifufuka! Aliamka mbele ya wote, anaenda misa, anapita sokoni, anasalimia kila fundi na kila muuza ndizi, anarudi na mboga ya lengalenga kwenye kitambaa na habari za avenue nzima. Majina yakamurudilia. Hata ya watu waliomukosea zamani.

Kitu kimoja tu kilimuuzi. Kwenye avenue ile hakuna mutu aliyebisha hodi. Mutu akitaka kukuona, anasimama barabarani anaita jina lako, "Mama Munezerooo!", mpaka utoke.

"Watu wa mujini hawakulelewa," muzee alisema. "Wanaita mutu kama mbuzi."

Hodi ya kwanza ilipigwa muchana, saa za kusonga bugali, jua likiwa juu ya kichwa. Bénédicte alikuwa jikoni, nyuma. Ko. Ko. Ko. Polepole, kama mutu mwenye adabu. Akaenda kuangalia. Mulango ulikuwa wazi, rideau inapepea. Hakuna mutu. Akageuka arudi kwenye sufuria.

Ko. Ko. Ko.

Hakuisikia na masikio tu. Aliisikia kwenye nyayo.

Ézéchiel alipoambiwa akafanya kama wanaume wote wakiogopa: akaeleza. "Ni mawe inapanuka na joto. C'est physique, chérie." Lakini muchana uliofuata hodi ikarudi, na nyuma yake nyayo. Nyayo nyingi. Sandali zinaburuta, za watoto zinakimbia, za wazee zinasimama kupumua. Barabara nzima ilikuwa inaenda soko na kurudi, pale chini, mahali ambapo kuna jiwe tupu.

Ézéchiel hakusema physique tena.

Mama Munezero, yeye, alikasirika. "Mutu anabisha, munanyamaza! Ni roho gani hiyo? Kwetu Masisi hata adui akibisha unamuitikia. Munagombana akishakuingia."

"Mama, tafazali. Uniache kwanza niulize majirani."

Kesho yake, muchana ukikaribia, Bénédicte akaenda kwa Kaswera, mama mwenye kuuzisha makala, makaa ya kupikia, pale kwenye kona. Kaswera alikuwa anafunga kifuko. Mikono yake ikasimama.

"Mumeitikia?" akauliza chini chini.

"Kuitikia nini?"

"Hodi. Mumesema karibu?"

"Bado."

Kaswera akavuta pumzi. Akasogea, akanong'ona. Kuna barabara chini yao, ile ya zamani, na nyumba zake. Lava ilipokuja watu walikimbia, ila nyumba moja haikufunguliwa. Baba, mama, watoto. Kila mutu alisema wametoka na mutu mwingine. Kisha mabwana wakaja kupima parcelle mupya za kujenga juu ya jiwe lenyewe, moshi ungali unatoka, na hakuna aliyeuliza.

"Ndiyo maana tunaitanaka majina. Hodi, hatuiitikie. Ukisema karibu, ni wageni wako. Na mugeni..."

Hakumaliza. Hakukuwa lazima. Nani hapa hajui? Mugeni akitoka, unamusindikiza.

"Kwa nini hamukutuambia?"

Kaswera akaangalia makala yake. "Mwenye kuuzisha ni ndugu ya chef. Na bière, dada, tulikuwa tumeshakunywa."

Bénédicte alishakuwa njiani. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Alikimbia, kitenge mukononi, akipita mbele ya nyumba ambazo milango yake yote ilikuwa wazi na watu wote kimya.

Alipofika kwenye lupango akasikia sauti ya Mama Munezero. Sauti tamu, ya siku ya fête.

"Karibu, baba. Karibuni na watoto."

Aliingia.

Muzee alikuwa amepanga viti. Vikombe vya chai vilikuwa mezani, na chai ilikuwa inachemka ndani ya vikombe. Inachemka. Hakuna moto. Mito ya viti ilikuwa imebonyea, kila mmoja, na mudogo kabisa ulikuwa unaruka-ruka, kama mutoto anavyochezesha miguu.

Salon ilinuka nywele zilizoungua.

"Mukazana wangu, salimia," muzee akamuambia muke wa mutoto wake. "Wametembea sana hawa. Wamechoka."

"Mama. Tutoke."

"Bado hawajaaga."

Bénédicte akamushika mukono. Akaushika na mikono yake miwili. Ulikuwa mukono wa kweli, mukavu, wenye mishipa. Mito ikainuka. Mumoja. Mwingine. Ule mudogo mwisho.

"Wanaenda," Mama Munezero akanong'ona, na alikuwa anatabasamu. "Niwasindikize kidogo tu. Mupaka pale."

"Hapana, Mama."

"Itakuwa aibu, mukazana. Mugeni hatoki peke yake."

"Mama, hapana. Hapana!"

Hakumuachilia. Mutu asimusemee vibaya Bénédicte mbele yangu: hakumuachilia. Lakini Kaswera alikuwa amemufuata mbio, na Kaswera, kama kila mutu wa avenue ile, hakuthubutu kubisha. Alisimama barabarani, akaita.

"Bénédicteee!"

Akageuza kichwa. Ni kile tu. Kichwa.

Mikono yake miwili ilikuwa imeshikana yenyewe.

Kaswera alikuwa mbele ya mulango, na anaapa mupaka leo: hakuna aliyetoka. Lupango haina mulango mwingine. Walitafuta sokoni, kanisani, kwa marafiki wote wa Masisi, hôpital, morgue. Hakuna. Katikati ya salon viatu vya plastiki vya muzee vilikuwa vimewekwa sawasawa, kama mutu anavyovivua kwa heshima. Ézéchiel alitaka kuviokota. Havikutoka. Nyayo za viatu zilikuwa zimeyeyuka, zimeshikana na simenti. Simenti haina ufa hata mumoja. Na pale, weka mukono wako asubuhi ya baridi, ni moto.

Viko pale mupaka sasa. Bénédicte na Ézéchiel pia wako pale. Nani atanunua kwao? Jephté hapokei tena simu.

Na hodi haikuisha. Ila imebadilika. Siyo tena polepole. Ni haraka haraka, mara mbili, kisha kimya kidogo, kisha mara moja. Ézéchiel anaijua hiyo hodi toka utoto wake. Kila muchana anakaa chini mbele ya vile viatu, na anajifunga kinywa na mikono yake miwili, na machozi yanapita kati ya vidole, kwa sababu anayebisha pale chini ni mama yake, anaomba kuingia kwake, na mutoto hawezi kusema karibu.

Sasa ninyi. Ninyi munaopima, munaopiga cachet kwenye karatasi za parcelle, munaouzisha mji juu ya watu. Wakubwa wa jana, wa leo, na wale wanaonoa meno kwa ajili ya kesho. Mulipima juu, chini hamukupima. Leteni machine. Vunjeni hiyo salon, vunjeni hilo jiwe, mutoe watu wetu, muwazike na majina yao, na Mama Munezero mumurudishe kwa mutoto wake kama alivyo. Na kabla hata parcelle moja haijauzishwa tena, semeni mbele ya watu wote kilicho chini yake.

Hamutaki? Sawa. Kujeni Murara muchana. Ni tout à pied. Mukae pale karibu na Ézéchiel, na hodi ikipigwa, muitikie ninyi.