Ukuta wa Bafu la Ajwang

Sijawahi kumroga mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa Buswelu wana midomo. Nilichokuwa nacho ni wivu tu, na wivu wenyewe ulikuwa wa bafu.

Mwaka 1995, viwanda vya minofu ya sangara vilipoanza kubadilisha maisha ya watu, Odoyo alimjengea mkewe Ajwang, jirani yangu, bafu ndani ya nyumba. Ndani! Sisi wengine tulikuwa tunaogea uani kwenye uzio wa magunia, upepo wa ziwa ukivuma unashika gunia kwa mkono huu na sabuni kwa mkono ule. Fundi Ndalahwa alipiga lipu, kisha akaimalizia kwa niru, ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko mpaka ukuta unateleza kama sahani. Nikaitwa kuuona. Nikasema, "Hongera, jirani." Moyoni nilikuwa naungua.

Kesho yake asubuhi wakaitwa msibani Rorya, yeye na mumewe. Ajwang akaja na ufunguo.

"Mama Jovinary, unimwagilie ukuta siku saba, asubuhi na jioni. Ukikauka utapasuka."

"Nenda salama. Huo niachie mimi."

Sikumwagilia hata kopo moja. Nilitaka arudi aukute umejaa nyufa, na yeye aonje.

Siku ya tatu, jua la saa sita, nikaenda kuzitazama nyufa zangu. Ukuta ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yanachuruzika mpaka sakafuni. Ndoo ya Ajwang ilikuwa imepinduliwa palepale alipoiacha, kavu. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu.

Siku ya tano nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani. Nikasikia kopo linachota maji. Kwa Ajwang. Nikasogea hadi dirisha la bafu.

"Nani humo?"

Halafu sauti ya Ajwang ikaninong'oneza, karibu kabisa na sikio.

"Endelea, Mama Jovinary. Unamwagilia vizuri."

Nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Usawa wa bega langu, kwenye saruji iliyokwisha kuwa ngumu, palikuwa na alama ya kiganja. Imezama. Vidole vinne na kipande. Mimi kidole changu cha mwisho kilikatwa na panga nikiwa mtoto, kwetu Bukoba. Na ukuta ule sikuwahi kuugusa.

Nikaweka mkono wangu pale. Ukaingia sawasawa. Nilipoutoa, ukuta ulikuwa umelowa, lakini mkono wangu ulikuwa mkavu.

Ajwang aliporudi, ukuta wake haukuwa na ufa hata mmoja. Nyufa zilikuwa kwenye kiganja changu. Hazikutoa damu, zilitoa vumbi la kijivu. Sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano, na cherehani ndiyo iliyokuwa inatulisha. Hospitali walinipa mafuta ya kupaka, hayakusaidia kitu.

Nikaona aibu, nikamweleza Ajwang kila kitu. Hakugomba. Alichota maji kwa kopo, akanimwagia mkono taratibu. Nyufa zikafunga. Jioni zikafunguka tena, akanimwagia tena.

Tuliishi hivyo miaka miwili, asubuhi na jioni. Fundi Ndalahwa aliziba ile alama mara tatu, ikarudi mara tatu. Ajwang hakuwahi kuchoka, wala hakuniuliza swali. Mimi nikaendelea kushona, na nakiri, bado niliutamani ukuta ule.

Jumapili iliyopita wakafungasha vyombo. Wanarudi Rorya moja kwa moja.

"Na mkono wangu, jirani? Atanimwagilia nani?"

Akanikabidhi ufunguo wa nyumba, akatabasamu.

"Nimekuombea mtu. Atakumwagilia kama ulivyonimwagilia mimi."

Leo ni siku ya tatu. Nimeumwagia mkono ndoo nzima na bado unapasuka. Cherehani imejaa vumbi la kijivu. Mchana huu nimekwenda kufungua lile bafu. Mabomba yamekatwa, ndoo hakuna, ufunguo ninao mwenyewe.

Ukuta umelowa. Alama ya mkono wangu haipo tena. Pale ilipokuwa, pametokea umbo la uso wangu, na mdomo wake umepasuka kwa ukavu.