Solo ya Wimbo wa Tatu

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi yetu mshonaji, alasiri moja ya mwaka ule aliojenga jiko la nje, akiwa na pini mdomoni na suruali ya mteja mapajani. Yeye aliipata kwa kaka yake mkubwa, mwenye kisa. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, bila kuongezwa chumvi.

Wakati huo ndugu watatu waliishi nyumba moja ya vyumba viwili na sebule. Mkubwa aliitwa Nukta, kwa kuwa alikuwa mchapaji na hakuvumilia sentensi iliyoachwa wazi mwishoni. Wa pili ni shangazi. Kitindamimba aliitwa Waya kwa wembamba wake. Shangazi alilala na cherehani yake. Kaka zake walilala chumba cha pili pamoja na magitaa mawili na kaseti mia tatu na kitu.

Kaseti hizo hazikuwa za bendi zinazojulikana. Zilikuwa za thrashi, ule muziki wa magitaa uitwao metali, wa kasi ambayo mgeni akiisikia hudhani mashine imekata mkanda, tena za bendi ambazo hata majirani zao hawakuwa na habari nazo. Moja ilirekodiwa ndani ya ghala la viazi. Nyingine ni ya madereva wa kreni waliotoa nakala arobaini, wakagombana, wakarudi kwenye kreni zao. Zilikuja kwa posta, kaseti kwa kaseti, na Nukta alizijua kama mtu anavyoujua ukoo wake: nani alimwacha nani, nani alitoka bendi ipi.

Nao walikuwa na bendi yao, Kutu. Fundi friji alipiga ngoma, mwalimu wa hesabu aliimba huku akipiga besi, na ndugu wawili walishika magitaa. Shangazi aliwashonea viraka vya jina mgongoni mwa jaketi za jinzi, akilalamika kwamba herufi za metali zina miiba mingi kuliko herufi.

Albamu za aina hii zina desturi moja. Kwenye karatasi ya kaseti, chini ya maneno ya kila wimbo, huandikwa aliyepiga solo, kile kipande ambacho gitaa moja hutangulia peke yake. *Solo: Waya. Solo: Nukta.* Watu wengine hawaoni hata maandishi hayo. Nukta aliyaona kabla ya kitu kingine chochote. Yeye ndiye aliyemfundisha Waya kushika gitaa, na mwaka wa pili tu mdogo mtu akawa amempita. Tangu hapo Nukta alimsifu kwa mdomo na kumpima kwa macho. Katika nyimbo nane za albamu yao, solo saba zilikuwa za Waya. Ya wimbo wa tatu ilikuwa ya Nukta.

Walirekodi Jumapili mchana, kwenye kiwanda cha uchapaji Nukta alikofanya kazi, mashine zikiwa zimezimwa. Nukta aliijaribu solo yake mara tisa. Mara zote tisa vidole vilimwangusha mahali palepale.

"Kaka, nikusaidie?" Waya akauliza.

"Unisaidie nini?"

"Hiyo solo. Naipiga mimi, tunaandika jina lako. Nani atajua?"

Bora angenitukana, Nukta alimwambia shangazi baadaye. Aliweka gitaa chini, akasema anakwenda kunawa. Waya naye akatoka kutafuta nyuzi za akiba.

Kule nyuma palikuwa na sinki la kuoshea wino, tundu lake jeusi halijawahi kuonekana mwisho. Nukta alifungulia maji, akainama juu ya tundu lile, na kwa uchungu aliokuwa nao akasema kwa sauti: "Aipige yeyote, mradi si Waya."

Maji yakashuka yote kwa mkupuo, kwa mlio wa mtu anayemeza.

Alikaa pale mpaka macho yalipokauka. Aliporudi, fundi friji alikuwa amesimama nyuma ya ngoma zake, anacheka kama aliyepata zawadi.

"Mzee! Kumbe ulikuwa unatuficha?"

"Nimeficha nini?"

"Usijifanye. Umeingia, umetupa mgongo, umepiga mara moja tu, ukatoka bila hata kutuangalia. Mwalimu hapa alitaka kulia."

"Nilitaka kupiga makofi," mwalimu akasema. "Kulia ni wewe."

Wakamrudishia mkanda. Kabla ya noti ya kwanza ilisikika pumzi ikivutwa, ndefu, kama ya mtu anayetoka chini ya maji. Kisha solo ikaja, na Nukta akajua kwamba hakuna mkono wa mtu katika chumba kile, hata wa Waya, ambao ungeweza kuipiga.

Akawaambia waanze wimbo wa nne.

Siku ya kupanga herufi za karatasi, alifika kwenye wimbo wa tatu, akaweka *Solo:* na mbele yake kistari kitupu. Alikitazama kistari kile muda mrefu. Kisha akakiondoa kwa ncha ya koleo, akapanga herufi tano za jina lake.

Nakala mia zikatoka. Nyingi waligawa palepale mjini. Sita zilikwenda ng'ambo. Baada ya miezi miwili ikaja barua kutoka kwa mtu mmoja anayetoa kijarida cha bendi za chini kwa chini. Aliandika kwamba solo ya wimbo wa tatu ndiyo kitu bora alichokisikia mwaka mzima, na kwamba Nukta asithubutu kuacha gitaa. Nukta aliikunja barua ile, akaitia mfuko wa shati, na kila alipobadilisha shati aliihamisha.

Kilichoanza kwanza ni harufu. Chumba cha kaka hao kilinuka maji ya sinki na nywele mbichi, hata madirisha yakiwa wazi na jua kali. Shangazi akapiga deki mara tatu, akawatukana wote wawili. Halafu Nukta akaweka kaseti ya wale madereva wa kreni, albamu aliyoijua kila mkwaruzo wake, na ilipofika zamu ya mpiga solo wao, ikasikika ile pumzi ndefu, ikafuata mkono uleule wa wimbo wa tatu. Akatoa, akaweka ya ghala la viazi. Mkono uleule. Akajaribu ya nne, ya kumi, ya ishirini, jasho likimtoka, na kila kaseti ilikuwa imemfukuza mpiga gitaa wake na kumkaribisha huyo mmoja, aliyepiga vizuri kuliko wote na hakutaka mwingine asikike. Na hapo, badala ya hofu, Nukta alihisi kijicho. Alimwonea kijicho hata huyo.

Wiki hiyohiyo kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Waya, ule wa kubania nyuzi, kilijikunja katikati ya mazoezi kisikunjuke. Kesho yake kikafuata cha pili. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Shangazi alimkanda kwa mafuta ya moto, na Nukta alisimama mlangoni akiwaangalia, na sehemu moja ya moyo wake, alikiri, ilikuwa imetulia kama mtu aliyeshiba.

Jumamosi saa saba mchana walikaa watatu sebuleni wanakula. Waya alishika kijiko kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameuficha chini ya meza. Gitaa likaanza kulia chumbani, bila umeme, taratibu.

"Nukta, hata wakati wa kula?" shangazi akasema bila kuinua kichwa, maana kutoka pale alipokaa, mlango ukiwa nusu wazi, alikuwa amekwisha kuliona shati la kaka yake na mgongo wa kaka yake umeinama juu ya kitanda, na alikuwa anataka kuendelea kufoka, kwamba mwenzio anaumwa vidole na wewe unamringia, alipotaka chumvi na mkono ukampa chumvi, na akauangalia mkono ule, akaufuata mpaka begani, na begani palikuwa na uso wa Nukta, umekauka, unatazama mlangoni kama yeye, wakati kule ndani yule mwenye mgongo wa Nukta alivuta pumzi ndefu, akaacha kupiga, na akaanza polepole kugeuza shingo.

Waya aliusukuma mlango kwa mguu ukajifunga. Kidole cha tatu kilikuwa kimejikunja.

"Huyo ni nani?" shangazi akanong'ona.

"Mimi," Nukta akajibu, na hakujua kwa nini amejibu hivyo.

Walimwita Mama Simu. Alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka thelathini, na watu walisema alijifunza kazi yake ya pili humo humo, kwa kusikiliza sauti zilizoingia kwenye laini ambazo hakuna aliyepiga. Alikuja mchana na mkoba wake, akaomba kiti, akavaa visikiliza vya redio ya Nukta, akaisikiliza solo mara moja tu.

"Huyu ameitwa," akasema. "Hawaji hivi bila mwaliko. Nani kamwita?"

Mama Simu akaiokota karatasi ya kaseti, akamgeukia Nukta.

"Baba, nakuuliza wewe mwenye jina kwenye karatasi. Ulisema nini?"

"Sikusema kitu, mama."

Waya akaguna. Kidole cha nne kilijikunja mbele ya macho yao, polepole.

"Mimi sina haraka," Mama Simu akasema. "Mdogo wako kabakiwa na gumba."

"Nilisema," Nukta akaanza. "Nilisema aipige yeyote, mradi si Waya."



"Ulilisema wapi?" Mama Simu akauliza.

"Kwenye sinki. Kazini."

"Basi na yeye kashika neno. Umemwambia mradi si Waya, anahakikisha si Waya."

Waya alimtazama kaka yake. "Yaani kaka, ungekubali yeyote yule, hata huyo, kuliko mimi?"

"Ndiyo."

"Ningekupa zote nane. Ungeniomba tu."

"Ndiyo maana sikukuomba."

Mama Simu alivua visikiliza. Alimtaka Nukta aende kwenye tundu lilelile alifute neno lake kwa kinywa kilekile. Kisha aitafute kila nakala na kufuta jina lake pale, aweke kistari. "Umelichukua pato lake ukaliita lako. Mrudishie nafasi yake, ila jina usimpe. Na ziwe zote."

Walikwenda wanne. Nukta aliinama, akasema, na tundu likarudisha hewa yenye joto usoni mwake. Kwa majuma mawili walizunguka mji na wembe, fundi friji akigonga milango na kudai ni makosa ya uchapaji. Tisini na nne. Kwa zile za ng'ambo Nukta aliandika barua. Kila baada ya siku chache kidole kimoja kililegea, harufu ikapungua, na madereva wa kreni wakampata tena mpiga gitaa wao. Kikabaki kidole kidogo.

"Zote?" Mama Simu akauliza, amekishika kidole kile.

"Zote, mama."

Alimwangalia kitambo. "Haya," akasema, akachukua mkoba wake.

Nukta alikuwa ameandika barua tano. Ya mwenye kijarida hakuiandika. Mtu mmoja duniani aliamini kwamba Nukta aliwahi kupiga kitu kile, na Nukta hakuweza kumnyang'anya. Alimwambia shangazi haya wiki tatu kabla ya kufariki, akamtaka amweleze Waya. Shangazi alimweleza. Waya alisema, "Nilijua," akaendelea kukaza nyuzi.

Alipozikwa Nukta, tulidhani kidole kitafunguka. Hakikufunguka.

Mwalimu wa hesabu amefariki. Mama Simu amefariki, na kazi yake hakumwachia mtu. Fundi friji yu hai, masikio yake hayafanyi kazi. Shangazi yu hai, anashona bado. Waya yu hai na anapiga gitaa kwa vidole vitatu, na wanaomsikia husema inatosha. Mwenye kijarida tulimwandikia mara mbili kwamba Nukta amefariki, naye alifute jina. Barua zote mbili zilijibiwa kwa sifa za solo mpya za Nukta, ambazo anasema bado anazipokea kwa posta.

Kwa habari ya huyo mpigaji, hakuna aliyetuletea tanzia.